Reli Moja, Stesheni Nyingi

Naanzia stesheni ya Makambako, mkoani Njombe. Behewa linalopanda kutoka Mlimba, likapita mahandaki na madaraja ya mlima ule mkali, linaweza kuendelea Mbeya, Tunduma na New Kapiri Mposhi, na kutoka hapo likaingia reli za Zambia na za nchi za kusini bila mzigo wake kuguswa. Sababu ni milimita 1,067. Huo ndio upana kati ya chuma na chuma katika reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, na ndio upana wa reli za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati, iliyoanzishwa enzi za Wajerumani, ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja, lakini kwa ajili yake behewa la TAZARA halipiti Reli ya Kati, na ilibidi kijengwe kituo Kidatu cha kuhamishia mizigo kutoka treni moja kwenda nyingine. Mitandao ya kijamii tunayotumia kila siku iko katika hali hiyo ya Kidatu. Wako watu waliokwisha kuipatia upana mmoja wa reli. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kujiunga na reli hiyo na kuwachangia wanaoitunza ni jambo moja, na kwamba anayefanya nusu yake atajikuta amerudi alikotoka.

Tuangalie kwanza tulipo. Mkulima wa parachichi wa Wanging'ombe au wa viazi wa Uwemba hupata habari za bei, miche, dawa na magari ya mizigo kwenye makundi ya WhatsApp. Makundi hayo yamefanya kazi kubwa na sitayabeza. Lakini kundi haliwezi kuzidi watu 1,024, na aliye nje haoni lililosemwa ndani. Bwana shamba akieleza leo namna ya kubebesha miche, maelezo yake yanafunikwa na salamu na matangazo ya misiba, na mwezi ujao mwanachama mpya atauliza swali lile lile. Kwenye Facebook na Instagram habari huonekana na watu wa nje, ila anayeamua nani aione ni mwenye mtandao, kwa kanuni zilizotungwa ili mtazamaji akae hapo muda mrefu na kuonyeshwa matangazo. Wakulima wa viazi wanaijua hali hii kwa jina lingine: lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini kwa miaka mingi mnunuzi amefika shambani na gunia lake, likajazwa mpaka likaota kichwa, likafungwa kamba juu, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Soko lilikuwepo na fedha ililipwa. Ubaya wa lumbesa ni kwamba kipimo kilikuwa mkononi mwa mnunuzi.

Na mwenye kipimo akiteleza, wote waliomtegemea huanguka pamoja naye. Tarehe 4 Oktoba 2021, kosa moja katika mitambo ya kampuni ya Facebook liliangusha kwa mkupuo Facebook, Instagram na WhatsApp dunia nzima, tangu jioni ya Afrika Mashariki hadi baada ya saa sita usiku. Yaliyoonekana kuwa majina matatu yalikuwa duka moja lenye milango mitatu. Mwaka 2021 Twitter ilitangaza kwamba ofisi yake ya kwanza Afrika itakuwa Accra. Oktoba 2022 Elon Musk akainunua kampuni kwa dola bilioni 44, na mwezi uliofuata karibu wafanyakazi wote wa Accra wakaachishwa kazi. Hakuna Mwafrika aliyeulizwa, na kisheria hakukuwa na sababu ya kumwuliza, kwa kuwa mali haikuwa yake. Mtandao huo huo, ambao sasa unaitwa X, ulipozuiwa hapa nchini Mei 2025, aliyekuwa amekusanya wasomaji wake huko kwa miaka kumi hakuwa na njia ya kuwahamishia kwingine. Matukio haya yana sababu mbalimbali, lakini yote yamewakuta watu waliojenga juu ya kiwanja kisicho chao.

Sasa tuitazame reli yenyewe. Januari 2018, shirika la viwango vya tovuti liitwalo W3C lilipitisha kanuni za mawasiliano zinazoitwa ActivityPub. Kanuni hizo hazimilikiwi na kampuni. Zinaeleza tu kwamba seva moja ikitaka kuiambia nyingine "mtu wangu ameandika hivi" au "mtu wangu anataka kumfuata mtu wako", iseme kwa namna gani. Juu ya kanuni hizo zinatembea programu kadhaa: Mastodon ya maandishi mafupi, aliyoianzisha Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, PeerTube ya video, inayotengenezwa na chama kisicho cha faida cha Framasoft nchini Ufaransa, na Pixelfed ya picha, aliyoianzisha Daniel Supernault wa Kanada. Tuseme wauza miche wa Makambako wana seva yao, na chuo fulani cha kilimo kina seva nyingine. Anwani ya kila mtumiaji ina jina lake na jina la seva yake, kama ilivyo barua pepe. Muuza miche akiandika kwamba miche ya parachichi aina ya Hass iko tayari, seva ya Makambako inaangalia nani wanamfuata, inakuta mmoja yuko kwenye seva ya chuo, inabisha hodi na kuacha nakala. Mwanafunzi wa chuo anajibu akiwa kwake, na jibu linarudi Makambako. Hakuna aliyefungua akaunti mbili. Kila stesheni ina mkuu wake na taratibu zake, ila upana wa reli ni mmoja.

Mtu akiniambia kwamba haya ni mambo mageni yasiyotufaa, nitamjibu kwa kutumia simu iliyoko mfukoni mwake. Tulikuwa na wakati ambapo mwenye fedha za simu kwenye mtandao mmoja hakuweza kuzipeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya mtandao mwingine. Wafanyabiashara walibeba laini mbili tatu, na mawakala walipanga simu mezani kama sahani. Mwaka 2014 Tigo na Airtel zilianza kupokeana fedha, mwaka 2016 Vodacom ikajiunga, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufikia hatua hiyo. Leo mnunuzi wa viazi aliyeko Dar es Salaam anamlipa mkulima wa Njombe bila kumwuliza yuko mtandao gani. Mwaka 2017 tukapata pia haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba ya simu. Kwa hiyo mambo mawili ambayo mitandao hii iliyogatuliwa, yaani isiyo na mmiliki mmoja, inatuahidi, yaani kusemezana baina ya kampuni tofauti na kuhama bila kupoteza watu wako, tumekwisha kuyapata katika fedha na katika namba. La kushangaza ni kwamba tumeendelea kuyakosa katika maneno yetu wenyewe, na tumezoea.

Kuanza si kazi ngumu. Mtu huchagua seva, na hapo ndipo asiharakishe: asome taratibu zake, aangalie nani anaisimamia na gharama zinalipwa na nani. Kisha huandika maelezo mafupi ya kazi yake, maana hapa hakuna mtambo wa kumsukumia watu. Hutafutwa na kufuatwa kwa alichokiandika, na alama za mada kama viazi au parachichi ndizo zinazomfikisha kwa wasiomjua. Asiache kundi lake la WhatsApp. Alitumie kwa mazungumzo ya siri na ya haraka, na elimu inayostahili kudumu aiweke mahali pa wazi, kisha apeleke kiungo kundini. Tahadhari moja ni ya lazima: ujumbe wa faragha kwenye Mastodon haufungwi kwa ufunguo kama wa WhatsApp, na msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Namba za siri na mambo ya ndani ya nyumba yasipitie huko. Akitaka kuhama baadaye, wafuasi wake watahamia naye, ila maandishi ya zamani yatabaki kwenye seva aliyoiacha, hivyo ajiwekee nakala.

Hadi hapa nimezungumzia nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo nzito, na historia yetu inatufundisha kwa nini. Mwaka 1972 nchi yetu ilitangaza Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa la ugatuzi, lakini halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na kazi zao zikashikwa na maofisa walioletwa na serikali kuu, wakitumia fedha kutoka huko huko. Ilibidi serikali za mitaa zirudishwe kwa sheria za mwaka 1982. Somo la miaka ile ni kwamba kugawa kazi huku mfuko ukibaki serikali kuu hakugawi madaraka. Ndivyo ilivyo katika mitandao. Bluesky, iliyofunguliwa kwa watu wote Februari 2024, imejengwa juu ya kanuni za wazi, na nia ya waanzilishi wake siitilii shaka. Hata hivyo sehemu kubwa mno ya watumiaji wake bado wanategemea mitambo ya kampuni moja inayoendeshwa kwa mitaji ya wawekezaji. Siku wawekezaji watakapodai chao, ndipo itakapojulikana nani ana madaraka. Ugatuzi wa kweli hupimwa kwa swali la nani analipa umeme wa seva na mshahara wa anayeitengeneza.

Watengenezaji hao ni wachache kuliko tunavyodhani. Timu ya Mastodon ni ndogo, na kwa miaka mingi imeendeshwa zaidi kwa michango ya watumiaji. Framasoft huishi kwa michango pia. Chini yao wako wengine ambao hata majina yao hayajulikani, wanaotunza vipande vidogo vya programu vinavyobeba vikubwa. Machi 2024 dunia ilikaribia kuona gharama ya kuwasahau. Programu moja ya kubana mafaili, iitwayo xz, inayotumika kwenye seva nyingi duniani, ilikuwa ikitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja aliyekwisha kuchoka. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa uvumilivu zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu. Ulifichuka kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, alishangaa mbona kuingia kwenye mashine yake kumechelewa kwa nusu sekunde. Mtunzaji wa xz hakufanya uzembe. Alikuwa peke yake, na kampuni zilizotajirika juu ya kazi yake hazikumtafutia mwenzake.

Hapa ndipo lilipo pingamizi zito kuliko yote: kwamba vitu vidogo vya wananchi hufa. Ni kweli. Mwaka 2023 seva ya mastodon.lol, yenye watumiaji wapatao 12,000, ilifungwa baada ya msimamizi wake kuchoshwa na magomvi. Desemba 2024 Mozilla, shirika lenye jina na fedha, nalo lilifunga seva yake. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank, iliyoanzishwa iwe benki ya wananchi wa hapa. Yuko atakayesema: kama benki yetu haikusimama, seva ya mtandao itasimama vipi? Nami najibu kwamba sababu ya kufa kwake ndiyo hoja yangu. Leseni ilifutwa kwa kukosa mtaji, na mtaji ni jina la fedha ambazo wenye mali wanakubali kuziacha kazini. Tazama upande wa pili, Matembwe, ambako tangu miaka ya 1980 kampuni ya kijiji, iliyoanza kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia, imezalisha umeme wa maporomoko madogo ya maji na kuusambaza Matembwe na Image. Msaada ulianzisha mradi. Mtambo wa aina ile unaendelea kuzunguka kwa sababu anayewasha taa hulipia, na kipuri kikiharibika kuna fungu la kununulia kingine. Wananchi wale wale wa nyanda hizi wameonyesha mambo yote mawili. Kilichotofautisha ni kama malipo ya utunzaji yalikuwa sehemu ya mradi tangu siku ya kwanza.

Pingamizi la pili ni kwamba watu hawako huko. Nalo lina ukweli. Twitter ilipouzwa, watumiaji wa Mastodon kwa mwezi walipanda ghafla hadi milioni 2.5 kufikia mwisho wa Novemba 2022, kisha wengi wakarudi walikotoka, na idadi ikashuka chini ya milioni moja. Lakini tuulize mkulima anahitaji watu wangapi. Ushirika wenye wanachama 300 hauhitaji dunia nzima. Unahitaji wanachama wake, bwana shamba, wanunuzi kumi na chuo kimoja wawe mahali ambapo maneno hayapotei. Makundi ya namna hiyo huhama kwa makubaliano ya mkutano, kama yanavyokubaliana siku ya mnada. Wako pia wanaosema kifurushi cha WhatsApp ni rahisi kuliko intaneti ya kawaida. Hilo ni kweli kwa picha na video nyingi. Maandishi hutumia data kidogo, na mwenye uwezo mdogo apunguze video kabla ya kuacha kusoma.

Pingamizi la tatu linahusu sheria. Wengine wanahofia kwamba mitandao isiyo na bosi mmoja itakuwa pango la matusi na utapeli. Wengine, kinyume chake, wanatumaini itawaweka nje ya mkono wa sheria. Makundi yote mawili yamekosea. Seva iliyoko Makambako iko Tanzania: kanuni za maudhui ya mtandaoni zinaihusu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume inayosimamia sheria hiyo na azitunze. Kuhusu matusi, msimamizi anayekijua Kiswahili, anayejua neno lipi ni utani wa watani na lipi ni tusi, atafanya kazi bora kuliko mtambo ulioko mbali usiotofautisha. Seva inayolea matapeli hukatiwa mawasiliano na seva nyingine, kama stesheni inayopokea magendo inavyoweza kupitwa na treni. Wala tusidanganyane kuhusu mipaka ya reli hii. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, na Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, hakuna upana wa reli ambao ungesaidia, maana njia yenyewe ilifungwa. Kukatika kwa nyaya kunatufundisha tu kwamba baadhi ya seva zetu ziwe ndani ya nchi, ili neno la Makambako kwenda Njombe lisilazimike kupitia Ulaya.

Basi nini kifanyike? Napendekeza kitu kidogo kinachopimika. Chama kimoja cha ushirika, au SACCOS moja, iweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Seva ndogo ya kukodi hugharimu dola 10 hadi 20 kwa mwezi, yaani kati ya shilingi 25,000 na 50,000 kwa makadirio. Wanachama 100 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, mfuko una 100,000. Nusu ilipe seva, robo imlipe kijana anayeisimamia, hata kama ni posho ndogo, kwa sababu kujitolea bila mwisho ndiko kunakochosha watu. Robo iliyobaki iende kwa watengenezaji wa programu yenyewe, kila mwezi, kwa risiti, na isomwe mkutanoni pamoja na hesabu nyingine. Anayekosa fedha ana mchango mwingine wenye thamani ile ile: kutafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni atakielewa, kueleza hitilafu kwa usahihi ili irekebishwe, kumfundisha jirani. Vijana wetu wanaosomea kompyuta vyuoni wachukue kazi hii kama karakana yao. Msimbo uko wazi, unasomeka, na marekebisho mazuri hupokelewa bila kuulizwa mtu katoka wapi.

Narudi stesheni ya Makambako, kwa sababu mfano nilioanza nao una upande ambao sijausema. TAZARA katika miaka yake mizuri ilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani zipatazo 88,000. Septemba 2025 ukasainiwa mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya China ya CCECC, wa kuifufua reli na kuiendesha kwa miaka 30. Naiombea kazi hiyo heri, maana Makambako inaihitaji. Lakini katika miaka yote ile ya kushuka, upana wa reli haukubadilika hata milimita moja. Ulikuwa 1,067 siku ya kwanza na ni 1,067 leo. Mabehewa yalipungua kwa sababu ya vichwa vya treni visivyotengenezwa na njia isiyotunzwa. Reli ya mawasiliano tumeipata tayari, wazi na bila kiingilio. Kama fungu la utunzaji halitatoka kwetu, litatoka kwa mwingine, naye ndiye atakayeandika mkataba.